Pembe ya Mwumishi

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwumishi, na pembe yake ya kazi ingali nyumbani kwetu Pangani mpaka leo: pembe fupi ya ng'ombe, iliyosuguliwa kwa mafuta ya nazi miaka mingi hata ikawa nyeusi na laini kama kokwa la ukwaju, kinywa chake kipana kimekatwa sawasawa ili kisiparuze ngozi, na katika ncha yake mna tundu jembamba ambalo ukingo wake umeliwa kidogo kidogo na meno ya mzee yule, kwa kuwa kila siku ya kazi aliishika hapo kwa kinywa.

Kazi yenyewe aliifanya asubuhi, kabla jua halijawa kali, katika ua wa nyumba, na mwenye kuumikwa alikaa juu ya kigoda akampa fundi mgongo. Babu alisema Bismillahi, akaosha mahali penyewe kwa maji ya vuguvugu, akapapasa kwa kidole gumba baina ya mabega akitafuta penye uzito, akaipachika pembe, akafyonza pumzi kwa lile tundu la nchani mara tatu au nne hata mashavu yake yakabonyea, kisha akaisukuma kwa ulimi nta aliyokuwa ameiweka shavuni tangu mwanzo, akaliziba tundu pasipo kuondoa midomo. Pembe ikabaki imeganda mgongoni peke yake kama kupe. Ilipong'olewa, ngozi ilikuwa imevimba mviringo wekundu. Juu ya uvimbe ule akachanja chale ndogo ndogo kwa wembe, kwa mkono mwepesi, akairudisha pembe mahali pake, akafyonza tena, na mara hii damu ikaja.

Kiasi chake hakikuwa kikubwa: vijiko vichache tu vya damu nzito, nyeusi, iliyoganda upesi. Aliimimina katika bakuli la udongo, akazunguka mbele ya mgonjwa, akamwambia, "Tazama, bwana," wala sikumbuki siku aliyoacha kumwonyesha. Kisha akaenda nayo nyuma ya nyumba akaifukia mchangani karibu na shina la mnazi, na mgonjwa mwenyewe, au jamaa yake, akaandamana naye apate kushuhudia. Siku moja, nikiwa na umri wa miaka minane hivi, nilimwuliza damu ile ingalikwenda wapi kama asingaliitoa. Alikuwa akiosha wembe. "Isingalikwenda, mjukuu wangu," akanijibu. "Ingalikaa papo hapo."

Nimeishi na jibu hilo muda mrefu, kwani ndani yake imo elimu nzima ya utabibu iliyotawala akili za wataalamu, Mashariki na Magharibi, kwa takriban miaka elfu moja na mia nne. Na historia ya damu, nionavyo mimi, ni historia ya watu waliouliza swali lile lile la mtoto, kwamba damu huenda wapi, na wakajibiwa kila zama kwa namna yake.

Kwanza niseme juu ya kazi. Kuumika ni ndugu wa kuumuka, na aliyetazama unga ulioumuka kwa hamira, kisha akatazama ngozi ilivyonyanyuka chini ya pembe, hahitaji kuelezwa udugu huo. Pembe yenyewe waliiita chuku, na wengine ndumiko. Katika kitabu cha Kiswahili cha Edward Steere, kilichotolewa mwaka 1870, chuku imekwisha tajwa kuwa ni pembe ya kuumikia. Na ikiwa leo mtu anayekuza habari ndogo ikawa kubwa huambiwa kuwa anapiga chuku, nadhani asili yake ni pembe hiyo hiyo, ambayo hufanya mahali palipokuwa sawa pawe na kilima kwa muda wa dakika chache. Si kazi iliyokuwa ya maskini peke yao. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1886 alieleza matibabu ya majumba ya Sultani baba yake, na kuumikwa kulikuwa miongoni mwa tiba zilizotumiwa humo.

Fauka ya hayo, mwumishi alikuwa na nasaba ya heshima katika dini. Hijama, yaani kuumikwa, imetajwa katika hadithi za Mtume kuwa ni moja katika njia za kupata shifaa, na zimepokewa habari za Abu Taiba, mtumwa aliyemwumika Mtume mwenyewe, akalipwa ujira wake kwa chakula, na mabwana zake wakaombwa wampunguzie kodi waliyokuwa wakimtoza. Babu alizijua habari hizo kwa moyo, na kwa ajili hiyo alizichagua siku zake za kazi kwa hesabu ya mwezi mwandamo, tarehe 17, 19 na 21, akiziacha siku nyingine kwa wenye dharura tu. Nilipokuwa kijana niliona kuwa ni ushirikina wa kalenda. Sasa naona kuwa mtu aliyekuwa akiushika wembe juu ya mgongo wa mwenziwe alihitaji mpaka fulani wa kuuzuia mkono wake, na mwezi ulimpa mpaka huo.

Nimesema kuwa jibu la babu lilikuwa na elimu nzima ndani yake. Galen, tabibu wa Kiyunani aliyezaliwa Pergamon katika karne ya 2, alifundisha kuwa damu hupikwa katika ini kutokana na chakula, ikapelekwa viungoni kwa mishipa, ikaishia huko kama maji ya mfereji yanavyonywewa na shamba, hairudi. Pale inapozidi haja hutuama, na kinachotuama huoza, na kinachooza huleta homa, maumivu ya kichwa, na uzito wa mabega. Kwa hiyo kuitoa ni sawa na kuufungulia mfereji uliojaa. Fundisho hili lilikwenda pamoja na lile la vimiminiko vinne, yaani damu, belghamu, safura na sauda, ambavyo mizaji ya mtu hutengenea vikilingana na kuharibika kimoja kikizidi. Likatafsiriwa Baghdad kwa Kiarabu, likapangwa vizuri na Ibn Sina katika kitabu chake cha tiba, Qanun, mwanzoni mwa karne ya 11, na mwishowe likafika pwani yetu, katika vitabu kama Ar-Rahma fi al-tibb wal-hikma ambacho walimu wa tiba walikisoma na kukinakili, na kwa maneno yenyewe yaliyoingia katika vinywa vya watu wasiopata kufungua kitabu.

Ajabu iliyoje kwamba katika Uislamu huo huo, na katika lugha hiyo hiyo ya Kiarabu, jibu jingine lilikuwa limekwisha andikwa. Mwaka 1242 Ala al-Din Ibn al-Nafis, mzaliwa wa upande wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, kijana asiyetimiza hata miaka thelathini, alikuwa akiandika sharhi juu ya mafunzo ya maumbile ya mwili katika Qanun, akafika mahali ambapo Galen na Ibn Sina wanasema kuwa damu hupenya kutoka chumba cha upande wa kulia wa moyo hadi cha upande wa kushoto kwa vitundu vilivyomo katika ukuta uliopo baina yao. Ibn al-Nafis akasema kuwa ukuta huo ni mnene, hauna tundu linaloonekana wala lisiloonekana, na kwamba hapana budi damu ipite katika mapafu, ichanganyike na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto. Namstahi sana mtu huyu, kwa sababu aliyempinga hakuwa adui; alimpinga mwalimu wake, kwa adabu, ndani ya kitabu kilichokusudiwa kumsherehesha. Alikufa Cairo mwaka 1288, akaiachia hospitali ya Mansuri nyumba yake na vitabu vyake. Rai yake ikalala. Hata ilipofika mwaka 1924, tabibu kijana wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, akiandika tasnifu yake katika chuo kikuu cha Freiburg, aliyasoma maandiko ya sharhi hiyo yaliyokuwamo katika maktaba ya Berlin, ndipo ulimwengu ukapata kujua kwamba njia ya damu katika mapafu ilikuwa imeelezwa karne tatu kabla ya mataifa ya Ulaya kuieleza.

Mzunguko mzima ulithibitishwa na Mwingereza William Harvey katika kitabu kidogo kilichochapishwa Frankfurt mwaka 1628, na hoja yake kubwa ilikuwa ni hesabu. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kama mara 70 kwa dakika, na kila pigo husukuma kiasi cha mililita 70. Zidisha, utapata karibu lita 5 kwa dakika moja, nayo ndiyo takriban damu yote aliyo nayo mtu. Harvey alikadiria kwa viwango vya chini zaidi kuliko hivi, na bado akaona kuwa katika nusu saa moyo husukuma damu nyingi kuliko iliyomo mwilini mwote, wala hakuna chakula kinachoweza kuitengeneza upya kwa kasi hiyo. Basi lazima iwe ni ile ile, inakwenda na kurudi. Akafunga mikono ya watu kwa kitambaa, akaonyesha mishipa inavyovimba upande wa chini wa kifungo na kunywea upande wa juu, jambo ambalo msomaji anaweza kulijaribu sasa hivi kwa leso yake. Alichokosa kukiona ni vijishipa vyembamba vinavyounganisha njia ya kwenda na njia ya kurudi. Hivyo vilionekana mwaka 1661, miaka minne baada ya kufa kwake, pale Marcello Malpighi alipolitazama pafu la chura kwa hadubini. Wala tusidhani kwamba elimu hii iliwazuia matabibu wa Ulaya kutoa damu. Waliendelea nayo kwa vikombe, kwa visu na kwa ruba, hadi karne ya 19 ilipokuwa imekwenda mbali. Ujuzi hukaa kichwani muda mrefu kabla ya kuteremka mkononi.

Hapa napenda kukawia, kwa sababu pwani yetu ina ushahidi wake katika jambo hili, na ushahidi huo umo katika neno moja. Safura katika vitabu vya Kiarabu ni nyongo ya manjano, moja katika vile vimiminiko vinne. Katika Kiswahili neno lilihama, likawa jina la maradhi ya mtu anayepauka, anayevimba uso na miguu, anayekosa pumzi kwa kupanda ngazi tatu, na ambaye, katika hali ya kustaajabisha, hutamani kula udongo. David Livingstone, alipokuwa Manyema mwaka 1870, aliandika katika daftari lake habari za maradhi haya yaitwayo Unguja safura, akaeleza kuwa huwapata watumwa sana, lakini akapinga wale waliosema kuwa mtumwa hula udongo ili ajiue, akitaja kuwa matajiri wenye chakula tele nao hupatwa. Aliona sawasawa. Alichokosa ni sababu, ingawa sababu yenyewe ilikuwa imekwisha onekana Milan mwaka 1838, pale Angelo Dubini alipoupasua mwili wa maiti akakuta minyoo midogo imeng'ata utumbo. Na mwisho wa karne ile Arthur Looss akagundua mjini Cairo kuwa mabuu ya mnyoo huyo huingia kwa kutoboa ngozi, na kwetu sisi hii ina maana ya nyayo zisizo na viatu juu ya mchanga wenye unyevu na uchafu, yaani nyayo za mkulima, mkwezi, na mtoto. Mnyoo wa jamii iliyo kubwa zaidi hunywa takriban sehemu moja ya tano ya mililita ya damu kwa siku. Ni kidogo, lakini minyoo mia moja huchukua mililita 15 hadi 20, ambazo ni vijiko vitatu au vinne vya chai, kila siku, mwaka baada ya mwaka, na pamoja na damu hupotea madini ya chuma ambayo mwili hauwezi kutengeneza damu nyingine pasipo hayo. Tamaa ya kula udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa madini hayo.

Msomaji ameona bila shaka ninapoelekea. Vijiko vitatu au vinne ni kiasi cha pembe moja. Mtu mwenye safura alikuwa akiumikwa kila siku na waumishi mia wasioonekana, naye, kwa kuwa alisikia uzito wa mwili, kizunguzungu na moyo kupiga kwa nguvu, aliamini kuwa ana damu nyingi au chafu, akaenda kwa mwumishi aliyeonekana ili atolewe nyingine. Tiba ilikuwa ya watu walioshiba, iliyotungwa katika miji ya watu walioshiba, ikaja kutumiwa katika nchi ambayo homa za malaria, minyoo na uzazi wa karibu karibu vilikuwa vimekwisha wapunguzia watu damu yao. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa ni kazi ya ukoo wangu.

Lakini ni haki pia kusema nililoliona. Alikuja mkwezi mmoja, mtu wa makamo, mrefu, aliyepumzika mara mbili baina ya mlango wa ua na kigoda. Akaamkia, akavua shati, akageuka. Babu hakuichukua pembe. Alimgeuza tena, akamvuta chini ukope wa jicho kwa kidole gumba, na mimi niliyekuwa nimeshika bakuli nikaona ndani ya ukope ule weupe kama wa nazi changa. Babu akavuta na ukope wa pili, akakaa kimya kidogo. "Vaa shati lako, baba," akamwambia. "Pembe yangu haina kazi nawe. Nenda hospitali wakakupe dawa ya safura." Mkwezi alikasirika, kwa kuwa alikuwa na fedha yake mkononi na alidhani amedharauliwa. Miaka mingi baadaye nilimwona muuguzi katika kliniki ya wajawazito akivuta kope namna ile ile, kwa kidole kile kile. Vitabu vya zamani navyo vilimwonya mtoaji damu asimguse dhaifu. Ila vitabu havina vidole, na si waumishi wote waliovuta ukope kwanza.

Wakati babu angali kijana, damu ilikuwa imepata njia mpya ya kwenda. Karl Landsteiner wa Vienna alieleza mwaka 1901 kuwa damu za watu ni za makundi mbalimbali, na ya mmoja humdhuru mwingine zisipolingana; na mwaka 1914 iligunduliwa kuwa chumvi ya sitreti huizuia isigande. Kabla ya hapo mtoaji na mpokeaji walilala ubavu kwa ubavu, wakionana. Baada ya hapo damu iliweza kutiwa katika chupa, ikafungwa, ikapelekwa mahali ambapo mwenyewe hapaoni. Mamia kwa maelfu ya watu wameokolewa kwa chupa hiyo, mmojawapo akiwa dada yangu alipojifungua. Hata hivyo nafahamu kwa nini iliwatisha wazee wetu. Mumiani, neno lililotoka Uajemi kwa maana ya dawa nyeusi kama lami, limekwisha elezwa katika kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 kuwa ni dawa ambayo watu huiamini kuwa hutengenezwa na Wazungu kwa damu ya mtu. Katika karne ya 20 uvumi huo ukaenea kutoka pwani hadi bara, ukawaangukia hasa watu wa zimamoto, wenye magari mekundu na mipira mirefu, hata mwaka 1947 mjini Mombasa kundi la watu wenye hasira likakishambulia kituo chao.

Wengi wamelicheka jambo hili wakaliita ujinga. Mimi siwezi kulicheka. Watu walewale walioogopa mumiani walikwenda kwa hiari yao, na fedha zao, kwa mtu mwenye wembe, wakampa mgongo. Hawakuogopa kutolewa damu. Walikuwa wamezoea kuonyeshwa damu yao katika bakuli na kushuhudia ikifukiwa, na sasa walitolewa na wageni waliowatawala bila ya ridhaa yao, katika chumba kilichofungwa, ikaondoka katika chupa ndogo, wala hapana aliyejishughulisha kuwaambia inakokwenda. Swali lao lilikuwa swali zuri. Lilikosa mtu wa kulijibu kwa Kiswahili.

Biashara ya pembe ilipungua kwa sababu nyingi, na iliyokuwa nzito kupita zote ni UKIMWI, kwani tangu miaka ya themanini wembe wa kushirikiana ukawa jambo la hatari, na kinywa cha fundi kilichokaribia damu ya mwingine kikawa katika hatari ile ile. Babu hakuishi kuyaona hayo. Siku hizi hijama imerudi mijini kwa sura nyingine: vikombe vya plastiki vinavyovutwa hewa kwa pampu ya mkono, nyembe za kutumika mara moja, glavu, kitanda chenye shuka jeupe. Nilikwenda kutazama mahali pamoja Tanga. Kijana aliyefanya kazi alikuwa hodari na msafi. Alipima shinikizo la damu kabla ya kuanza, akamwuliza mzee aliyelala kifudifudi kama ana kisukari, na kama hutumia dawa za kuifanya damu isigande. Vikombe vilipojaa alivikusanya katika chombo chenye mfuniko, akaeleza kuwa vitachomwa moto, akaanza kuifuta migongo ya vidole vyake.

Mzee aliinua kichwa kutoka kwenye mto wa kitanda. "Mwanangu," akasema, "hujanionyesha."

Kijana akasita, akakitazama kile chombo kilichokwisha fungwa, kisha akakifungua, akatoa kikombe kimoja, akazunguka upande wa mbele wa kitanda, akachutama.